Aliyeimba Bafuni

Bafu lilikuwa kavu, na mle ndani mtu anaimba.

Mwatima alisimama kwenye ngazi na kikapu chake cha nguo. Alasiri tu, na jua la Birmingham limeshakwenda zake kama mtu anayekwepa mchango wa harusi. Wimbo wenyewe nani asiyeujua? Ule wa kale, wa msichana aliyemngoja mchumba mtoni mpaka maji yakamchukua. Waingereza hawauachi ng'o! Skuli watoto wanafundishwa, walevi wa mpira wanaubweka, kwenye televisheni wanauuzia magodoro. Hata jirani Charanjit, Singasinga wa watu, akitoa mapipa ya taka mluzi wake ndio huohuo.

Lakini aliyekuwa akiuimba humu bafuni ni mmoja tu, bintiye Asmahan. Na Asmahan walimzika mwezi wa Ramadhani.

"Bomba hilo, dada," alisema Mwadini, mdogo wake, aliyehamia kumwangalia.

"Bomba linajua Kiingereza?"

"La hapa? Kuliko wewe!"

Alicheka peke yake. Kisha harufu ya majani yaliyooza mtoni ikateremka ngazi, kicheko kikamkauka.

Mwatima akaacha kula. Akawa anakaa kwenye zulia nje ya mlango wa bafu akiitikia kibwagizo, midomo inazidi kumpauka, kanga inamlowa na maji hakuna, na Mwadini akimvuta anamkuta mzito kama maiti ya mtu aliyezama, mpaka kijana wa watu akakimbilia mtaa wa Balsall Heath kumleta mganga, mama wa Kingazija anayekaa juu ya mkahawa wa balti, mchuzi wa Kipakistani.

Mganga akanusa mlango. "Kila jini ana wimbo wake wa kumpandishia," alinong'ona. "Wenzetu hawa wanampandisha huyu karne kwa karne, wanadhani wanajiburudisha. Ndiyo maana wimbo haufi. Mwenyewe haachi ufe."

"Na mwanangu?"

"Si mwanao, mama. Kavaa sauti yake tu. Mimi nitasoma, lakini neno la kumtoa useme wewe mwenye nyumba. Usiposema leo, anakuchukua."

Udi ukawashwa. Mganga akasoma, mlango ukatetemeka, wimbo ukapanda, ukageuka kilio, kitasa kikatoa jasho, na Mwatima akafungua kinywa aseme toka.

"Mama, usinifukuze. Naona baridi."

Mwadini akamshika bega. "Dada, si yeye! Asmahan kazaliwa hapa, hajapata kukujibu Kiswahili hata siku moja!"

Mwatima alijua. Alimwomba mtoto yule tangu anatambaa, kwa pipi, kwa kofi, kwa machozi, mpaka kitandani siku ya mwisho: nijibu kwa lugha yangu, mara moja tu. Akajibiwa, "I'm tired, Mom."

"Sema toka!" mganga alinong'ona kwa ukali.

Maji yalikuwa yanapita chini ya mlango, yanamlowesha magoti. Mwatima akaegemeza shavu kwenye mbao.

"Sema tena, mwanangu," alisema. "Sema polepole."