Viroba Vilivyofika Mstarini

Kila Jumamosi Naisiae alimsaidia mama yake, Anyesi, kujaza viroba vya mchanga kwenye njia ya kujaribia treni, ng'ambo ya mtaa wa Lemara. Viroba viliwekwa kwenye viti badala ya abiria, ili breki zipimwe treni ikiwa na uzito wa watu. Mama alipima kiroba cha kwanza kwenye mzani, akachora mstari mchanga ulipofikia. Vingine vyote vilijazwa mpaka mstari huo.

Jumamosi moja mchanga ulikuwa mbali. Karibu kulikuwa na changarawe nyepesi za volkano, zilizojaa kote chini ya Mlima Meru. Mama alipokwenda kunywa chai, Naisiae na rafiki yake Lucky walizijaza kwenye viroba vya behewa zima la nyuma.

"Mbona kiroba hiki ni chepesi hivi? Kama mto wa kulalia," Lucky alicheka.

"Nyamaza wewe. Si kimefika mstarini?"

Treni ilikuja mbio, ikafunga breki, ikasimama kabla ya nguzo nyekundu, mpaka ambao haikutakiwa kuupita. Watu wakapiga makofi. Fundi Athumani, mpimaji wa breki, akatoa kalamu atie saini.

"Imefaulu. Jumatatu inabeba watu."

Naisiae akamsogelea. "Shikamoo, fundi. Behewa la nyuma tuliweka changarawe."

Athumani alipanda behewani. Akapasua kiroba kwa kisu. Changarawe zikamwagika.

"Hawa ndio abiria?" alifoka. "Nimepima behewa tupu!"

"Umeniaibisha, mtoto wewe," mama alisema.

"Na wewe, mama Naisiae," Athumani alimkatiza, "usimfokee peke yake. Mstari haupimi uzito. Mzani uliuacha kwa nini?"

Mama akaenda kuuleta mzani. Wakajaza upya, mchanga mtupu, kila kiroba kikipita kwenye mzani. Viganja vya Naisiae vikatoka malengelenge.

Safari hii treni iliipita nguzo kwa mita arobaini. Hakuna aliyepiga makofi. Breki za behewa la nyuma zilikuwa mbovu; wepesi wa changarawe ulikuwa umeuficha ubovu huo. Safari ya Jumatatu ikafutwa, breki zikabadilishwa, na Jumamosi iliyofuata treni, ikiwa na uzito wote, ikasimama kabla ya nguzo.

Athumani alitia saini, kisha akamgeukia Naisiae. Uso wake ulikuwa bado umekunjamana.

"Hasira yangu haijaisha. Uvivu wako ungeua watu. Lakini ulisema kabla sijasaini, ukijua nitakufokea. Ukiharibu kazi, sema hapohapo. Kufokewa hakuui mtu. Haya, nenda kashushe viroba."