Shimo Yenye Ntambwe Aliacha Wazi

Mambo hii ilimupata Mushiya, rafiki ya binti yangu, na ule hajue kutia chumvi sawa mi. Yeye na kaka yake Ntambwe balikuwa banatengeneza na benzabo muchezo wa ordinatere, ile kompyuta, juu ya kartye yabo, mutaa wabo wa Kolwezi. Kila mutu aliandika kipande yake mu fishie moja, faili ya ku internet: unafungua kitu na alama, ukimaliza unafunga na ingine. Ntambwe aliandika mashimo ya bachimbaji. Siku moja shimo ya kweli ikamufunika, na mbele ya kumufukua, kampuni ya madini ikafukuza batu ya kartye nzima, yeye akabakia chini.

Mushiya na mama yake bakahamia Fungurume. Muchezo ukakataa kufunguka, juu kipande ya Ntambwe ilibaki wazi.

"Ifunge, dada," Kabemba, mwenzabo, akamuambia ku simu. "Tutapoteza kartye mara mbili?"

Mushiya akalia, akaandika alama ya kufunga. Pale pale mistari mipya ikaingia mbele ya ile alama: shimo ikarefuka, ikatoka Kolwezi, ikapita Tenke, ikakuja upande wa Fungurume.

"Kabemba, acha kunichezea!"

"Mi? Mashini yangu imezimika tangu asubui."

Kuran ya umeme ikakatika. Chumba ikawa nyeusi, kimya.

"Mushiya," mama akauliza, "nani anagonga?"

"Ku mulango?"

"Hapana, mutoto wangu. Mu udongo, chini ya kitanda."