Mkono Kwenye Picha ya Goti

Jumanne, tarehe 11 Februari 1913, saa nne asubuhi, rafiki yangu Bartolomayo alimpiga dada yangu Loisi picha ya goti pale Mpwapwa, kwa mashine ya eksirei inayoonyesha mifupa. Bartolomayo alikuwa msaidizi wa daktari Mjerumani aliyechunguza viungo vya wapagazi na wachota maji. Loisi hakuweza tena kubeba mtungi, naye daktari aliahidi kumtibu.

"Kaka Barto, mifupa yangu nayo ni myeusi?"

"Humo ndani sote weupe, dada. Tulia."

Mashine ikavuma.

Bartolomayo alikiosha kioo cha picha kwa dawa, katika chumba chenye giza. Nyuma yake akasikia viungo vikilia ko, kama vya mtu anayepiga magoti. Aligeuka, akapapasa, hakuna mtu. Alipokitoa kioo nuruni, mifupa ya vidole vitano ilikuwa imelishika goti.

"Nani alimshika?" daktari akafoka.

"Hakuna, bwana."

Wakapiga ya pili. Mkono ulikuwa umepanda pajani.

Jioni Loisi alirudi nyumbani akitembea vizuri.

"Goti limeacha kuuma, kaka," aliniambia, kiganja kifuani. "Sasa ni hapa tu."

Tulimzika Ijumaa. Ee Bwana, mpokee dada yangu, wala asiguswe na mkono mwingine ila wako. Amina.