Manowari ya Watu wa Mlima

Mlingoti wa mbele ulipovunjika, Karima ililia kama mti unaokatwa msituni. Meli hiyo, mfano wa manowari za kale za matanga, ilijengwa ufukweni, kaskazini mwa pwani, na mafundi vijana wa Nyeri kwa mbao za mlimani. Ilikuwa ikipelekwa Mombasa kwenye makumbusho. Sasa pwani haikuonekana, redio ilikuwa imelowa, na maji yalipenya kati ya mbao.

Watiri, fundi mkuu, alivuta uzi juu ya sitaha kutoka mbele hadi nyuma. Katikati, mbao zilikuwa zimeinuka hadi kuugusa uzi.

“Mgongo unapinda,” alisema. “Ncha zinashuka. Ukivunjika, tunazama.”

“Ati unapinda? Na mbao nene hivi!” alifoka Theuri, nahodha.

“Tuliijenga kama nyumba, Theuri. Nguzo wima, mbao za kulala. Nyumba ya Mukurweini haipandi mawimbi! Hii inataka mbao za mshazari, kama geti ya ng'ombe. Bila hizo, geti inalala chini.”

Barre wa Nanyuki, aliyekuwa akisukuma pampu, alitema maji ya chumvi. “Nimeuza ngamia nipande manowari, kumbe nimepanda geti!”

“Piga pampu, wewe!” Theuri alimkemea.

Watiri na Theuri waliteremsha milingoti ya akiba tumboni mwa meli. Kila mmoja waliulaza mshazari, mguu chini katikati ya meli, kichwa juu kuelekea ncha. Kisha Watiri akashika kabari, Theuri akainua nyundo.

“Bado... ngoja mawimbi yainue ncha zote mbili... sasa!”

Nafasi ilifunguka kwenye kichwa cha mlingoti, nyundo ikashuka. Kabari iliingia, ikambana Watiri kidole. Alikifunga kwa leso, damu ikichuruzika.

“Pumzika kidogo,” Theuri alimsihi.

“Leta ingine.”

Walipogongelea ya mwisho, mbao ziliacha kulia. Juu, Barre alipiga kelele: “Maji haipandi tena!”

Kesho yake boti ya waokoaji, iliyotumwa kuwatafuta walipokosa kufika Mombasa, iliwakuta maji ya kunywa yameisha, midomo imepasuka kwa kiu.

“Rukeni!” aliita ofisa. “Acheni hilo gogo lizame!”

Theuri, ambaye safari nzima hakuomba ushauri wa mtu, alimgeukia Watiri akangoja uamuzi wake.

Watiri alisimama wima. “Tupeni maji ya kunywa,” alisema. “Meli tunaingia nayo Mombasa wenyewe.”

Theuri akapandisha tanga kwenye mlingoti uliobaki.