Daraja Lenye Wabunge Wawili

Kila Ijumaa jioni watu wa Elkjer hula samaki. Hakuna aliyewaamuru, na hakuna anayethubutu kuacha. Ukumbi wa kijiji hujaa harufu ya mafuta, samaki wa kukaanga, viazi na kabichi.

Ardis Tollefson na kaka yake Orrin walikuwa wakila meza moja tangu wazazi wao walipokuwa hai. Lakini vuli hii mambo yaligeuka. Ardis alikaa karibu na mlango. Orrin alikaa karibu na dirisha. Katikati yao alipita Trudy, mhudumu, akibeba sahani na maneno yao.

"Trudy, mwambie yule mzee wa dirishani alete chumvi."

"Trudy, mwambie mama wa mlangoni chumvi haitibu ukosefu wa akili."

"Nyie watu wazima," Trudy alisema, "nitawagonga kwa hili sinia, wote wawili."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kura. Uchaguzi wa Bunge la jimbo ulikuwa unakaribia, na Wisconsin nzima ilikuwa imechemka. Ardis alimtaka Bi. Brandt. Orrin alimtaka Bw. Rusk. Nyumba zao zinatazamana, barabara moja tu katikati. Ardis alisimamisha bango la Brandt kwenye uwanja wake. Kesho yake Orrin akasimamisha la Rusk, kubwa zaidi. Ardis akaleta jingine, kubwa kama mlango wa banda la ng'ombe. Majani ya miti yalipoanza kuanguka, ndugu hao walikuwa hawasalimiani tena.

Chini ya kelele hizo kulikuwa na jambo zito. Barabara yao inashuka hadi kijito cha Kvern, na hapo pana daraja. Daraja lilikuwa limechoka. Kaunti iliweka kibao: magari mazito marufuku. Basi lori la maziwa likawa linazunguka kilimani kwa njia nyembamba yenye kona kali. Kiwanda cha jibini, chenye lori hilo, hakikuficha neno. Majira haya ya baridi tutajikaza, kilisema. Yanayofuata, kama daraja ni lilelile, hatuji.

Lori lisipokuja, maziwa yataenda wapi? Ng'ombe hawajui mambo ya madaraja. Asubuhi na jioni wanataka kukamuliwa. Ardis alijua kwamba bila lori angeuza kundi lake lote, ng'ombe ambao alimjua kila mmoja kwa jina na kwa tabia. Orrin vilevile. Ndiyo maana kila mmoja aliamini mgombea wake ndiye atakayeleta pesa za daraja, na mwenzake ni kichwa maji.

Jumamosi moja Ardis alikwenda sokoni na furushi la karatasi za Brandt. Alisimama kwenye meza ya Pa Houa Vang, jirani yake wa upande wa bonde. Pa Houa hulima mboga. Siku za uchaguzi yeye ndiye msimamizi wa kituo cha kura.

"Jirani, niwekee hizi hapa mezani, watu wachukue."

"Hapana, dada Ardis. Mimi nasimamia kituo. Mezani kwangu ni maboga tu. Maboga hayana chama."

"Lakini Brandt ni mtu mzuri!"

"Sisemi ni mzuri, sisemi ni mbaya. Hapo mimi ni bubu. Ila kuna jambo moja ninaloruhusiwa kukwambia." Pa Houa akashusha sauti. "Brandt hayumo kwenye karatasi yako ya kura."

"Unasema nini wewe? Nimempikia keki!"

"Keki ataila. Kura yako hataipata."

Ardis akacheka. Kisha akaona Pa Houa hacheki. Akaweka furushi lake chini.

Pa Houa alichukua boga la kijani, akaliweka upande wa kushoto wa meza. "Hii nyumba yako." Akaweka la njano upande wa kulia. "Hii ya Orrin."

"La njano limemfaa. Limevimba."

"Sikiliza basi." Pa Houa akapanga maharage mabichi katikati, moja nyuma ya jingine. "Hii barabara yenu. Zamani nyote mlikuwa wilaya moja ya uchaguzi. Sasa mipaka imechorwa upya, na mstari mpya unapita hapahapa, juu ya maharage. Orrin yuko wilaya ya mashariki. Huko ndiko Brandt na Rusk wanakogombea. Wewe uko magharibi."

"Kwa nini wachore barabarani kwangu? Hawakuona pengine?"

"Watu huhama, huzaliwa, hufa. Kila wilaya inatakiwa iwe na watu karibu sawa na nyingine, ndiyo maana mipaka hubadilishwa. Watu hubishana sana juu ya mistari hiyo, mpaka mahakamani wanafika. Lakini ikishapita, imepita. Kazi yako ni kujua uko upande gani."

"Mbona naenda kupiga kura ukumbi uleule?"

"Ndicho kinachowachanganya wengi. Ukumbi ni mmoja, karatasi ni mbili. Kila mara naona mtu anaingia na jina kichwani, anafungua karatasi, jina halimo. Anaacha wazi. Au anatia alama popote, kama anayechagua soksi gizani."

Pa Houa alifuta mikono, akatoa simu. Aliingiza anwani ya Ardis kwenye tovuti ya uchaguzi ya jimbo. Mfano wa karatasi ya kura ukatokea. Ardis akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nadine Pruitt. Emmett Schaal.

"Ni akina nani hawa?"

"Mmoja alikuwa mwalimu. Mwingine anauza matrekta. Zaidi ya hapo, waulize wenyewe."

"Mbona hawajanijia?"

"Dada, una bango la Brandt kubwa kama banda. Mtu akiliona hilo anapita moja kwa moja."

Ardis alikaa juu ya kreti tupu. Miezi yote ile! Alikuwa amegombana na kaka yake, amekula samaki peke yake, na mgombea aliyempigania hakuwa hata wake.

"Usijilaumu sana," Pa Houa alisema. "Zamani mbunge wenu alikuwa hana mpinzani. Nani angehangaika kuja Elkjer? Sasa wilaya zote mbili hizi zina ushindani. Hakuna anayejua nani atashinda, na kura chache zinaweza kuamua. Mgombea anayehitaji kura yako hupokea simu. Huu ndio wakati wa kumpigia."

Ardis alirudi nyumbani na boga la kijani. Pa Houa alikataa kupokea malipo. Alisema boga limekwishafanya kazi yake.

Kuvuka barabara ile siku hiyo kulikuwa kugumu kuliko kupanda kilima. Orrin alikuwa bandani, anasafisha ndoo.

"Nani kafa?" aliuliza alipomwona dada yake mlangoni.

"Heshima yangu. Sikiliza, na usicheke."

Ardis akamweleza yote. Orrin alijitahidi. Midomo ilianza kutetemeka, mabega yakafuata. Mwishowe akaketi juu ya ndoo, akacheka mpaka ng'ombe wakageuza vichwa.

"Yaani muda wote huu nimekuwa nagombana na mtu asiye na kura!"

"Nina kura, we mzee! Ila ni ya wengine."

"Ungeniambia mapema nisinunue bango."

"Cheka umalize. Halafu niambie: daraja liko upande gani wa mstari?"

Orrin akaacha kucheka. Alifikiri. Mstari ulifuata barabara, na barabara ilipita juu ya daraja.

"Katikati," alisema polepole. "Mstari unapita katikati ya daraja."

"Basi gurudumu la kushoto la lori litakuwa na mbunge wake, la kulia na wake."

"Kila mmoja atasema daraja ni la mwenzake."

"Ndiyo. Isipokuwa tukiwaweka wote juu ya daraja lenyewe, wakati bado wanatuhitaji."

Walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu vuli ianze, Orrin alimimina kahawa vikombe viwili.

Waligawana kazi. Orrin aliwapigia simu Brandt na Rusk, maana kura yake ilikuwa yao. Ardis aliwapigia Pruitt na Schaal. Kila mmoja aliambiwa maneno yaleyale: njoo Jumamosi, mpinzani wako anakuja. Hakuna aliyekataa. Mgombea gani angemwachia mpinzani wake daraja zima na kijiji kizima?

Ardis aling'oa mabango yake pia. Hakuishia hapo. Aliwapigia simu majirani wote wa upande wa magharibi. "Umeangalia karatasi yako ya kura? Usiniambie unajua. Na mimi nilijua." Wengi walikuwa kama yeye. Bwana mmoja alikuwa amempa Rusk mbuzi wa kutembea naye kwenye gwaride la kampeni.

Jumamosi ilipofika, watu walijaa kando ya kijito. Trudy alileta kahawa na donati. Orrin alikuwa amepanga madebe manne ya maziwa mwanzoni mwa daraja.

"Lori haliwezi kupita hapa," aliwaambia wagombea. "Kwa hiyo leo lori ni nyinyi."

Watu wakapiga makofi. Wagombea wakatazama viatu vyao. Lakini mbele ya umati nani angekataa? Wakanyanyua, kila mmoja debe lake. Brandt alikuwa na nguvu, alikwenda kama anabeba mkoba. Schaal alimwagikiwa maziwa suruali nzima. Pruitt alisimama katikati, akachungulia ufa uliokuwa chini ya miguu yake, akaona maji. Akamaliza nusu iliyobaki kwa haraka sana. Rusk alifika ng'ambo akihema, uso umemwiva.

Ardis akapanda juu ya toroli.

"Swali ni moja kwa wote. Ukishinda, utaomba pesa za daraja hili pamoja na mwenzako wa wilaya ya pili, hata kama ni wa chama kingine? Ndiyo au hapana?"

Brandt alisema ndiyo. Pruitt alisema ndiyo kabla swali halijapoa. Schaal, suruali ikimchuruzika, alisema ndiyo.

Rusk alikohoa. "Ndugu zangu, jambo hili ni pana. Kwanza itabidi tuunde kamati, tuangalie kwa kina..."

"Bwana Rusk," Orrin alimkata. Kijiji kizima kiligeuka, maana kila mtu alijua bango lake. "Bango lako linasimama kwangu na ng'ombe wangu wanalitazama kila siku. Hatukuuliza kamati. Tumeuliza daraja."

Rusk alitazama daraja, akatazama mkono wake uliochubuliwa na mpini wa debe.

"Ndiyo," alisema. "Pamoja."

Siku ya uchaguzi, Ardis na Orrin walikwenda pamoja kwa gari la Orrin. Ukumbi bado ulinuka samaki. Pa Houa alikaa mezani, beji ya usimamizi kifuani, uso mkavu.

"Kitambulisho, tafadhali."

"Pa Houa, juzi tu ulinipa boga."

"Boga halijui sura yako. Kitambulisho."

Ardis akakitoa. Alipewa karatasi ya magharibi, Orrin ya mashariki. Safari hii majina hayakuwa mageni. Ardis alimjua kila mmoja: aliwauliza maswali, aliwaona wakibeba mzigo, alisikia majibu yao. Alitia alama taratibu na mkono wake haukusita. Alimpigia nani? Orrin alimuuliza njia nzima ya kurudi. Hakuambiwa.

Kura za wilaya zote mbili zilikaribiana sana. Brandt akashinda mashariki, na Orrin akanuna. Magharibi alishinda Schaal. Ardis naye akanuna, hapo ndipo Orrin alipojua alimpigia nani. Ijumaa yake walinuna wote wawili, lakini meza moja.

Kununa hakukudumu. Schaal hakuwa chaguo la Ardis, lakini sasa alikuwa mbunge wake, na namba yake ya simu Ardis alikuwa nayo. "Ni mimi tena," alikuwa akisema. "Ardis wa daraja." Orrin naye hakumwacha Brandt apumue. Wabunge wawili wa vyama viwili waliomba pesa kwa sauti moja, maana walikuwa wamesema ndiyo mbele ya kijiji, na kijiji kilikuwa na kumbukumbu nzuri. Majira ya baridi yalipita kwa shida, lori likihema kilimani. Kiangazi wakaja mafundi.

Vuli iliyofuata, kabla theluji haijaanguka, lori la maziwa lilishuka barabara ya akina Tollefson. Lilifika kwenye daraja jipya. Halikusita wala halikupunguza mwendo. Dereva akapiga honi ndefu, magurudumu ya kushoto wilaya moja, ya kulia wilaya nyingine, na maziwa ya Ardis na Orrin yamechanganyika humo ndani.

Ndugu hao walisimama kando, mikono mifukoni.

"Upande wangu zege ni laini zaidi," Orrin alisema.

"Upande wako? Hebu njoo nikuonyeshe upande wangu," Ardis alijibu. Wakaanza kushuka kuelekea darajani, bega kwa bega, wakibishana.