Baharia wa Sikonge

Shakwe alishuka kwa kasi, akapora kipande cha samaki mkononi mwa kijana mmoja aliyesimama gatini Honfleur, Ufaransa, Jumamosi watu wamejaa kama mnadani.

"Mayo we!" kijana akapiga ukelele.

Kankindi aligeuka. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa Tabora mjini, amekuja kwa mafunzo mafupi, na tangu afike hakuwa amesikia mtu akilalamika Kinyamwezi.

"Kaka, wewe wa Tabora!"

"Wa Sikonge. Naitwa Egidi." Akamtazama kuanzia viatu vyekundu, gauni la kitenge lililombana kiuno, hadi macho, na hapo akapotea. Mwenyewe alivaa fulana ya mistari na kofia nyeupe, vyote amevinunua asubuhi hiyo kwenye kibanda cha watalii.

"Unafanya kazi melini?"

Angeweza kusema ukweli, kwamba anafuga nyuki na amekuja kuonyesha asali kwenye maonyesho ya vyakula. Lakini mabaharia walijaa pande zote, wanatembea kana kwamba gati ni la baba zao.

"Mimi baharia," akasema.

"Sikonge kuna bahari?"

"Ndiyo maana nilihama."

Kankindi alicheka mpaka akashika ukuta. Wakazunguka bandari ya kale, kwenye nyumba ndefu nyembamba zilizobanana ukingoni. Wakaingia kanisa la mbao lililojengwa na mafundi wa meli, wakapiga magoti benchi moja. Jioni Kankindi akampigia simu mama yake, Ulyankulu.

"Mama, nimempata mtu wa nyumbani. Baharia!"

"Nahodha?" Mtandao ulikuwa unakwaruza.

"Baharia, mama!"

"Nahodha! Mungu mkubwa!" Simu ikakatika.

Kesho yake alikuja na tiketi mbili za mashua ya tanga. "Leo nataka nikuone kazini, baharia wangu."

Hawajafika mbali, Egidi alikuwa ameukumbatia mlingoti kwa mikono miwili. Akatapika kuelekea upepo unakotoka, na upepo ukamrudishia vyote kifuani. Mwenye mashua, mzee wa sharubu, akauliza jambo.

"Anasemaje?" Egidi akanong'ona.

"Anauliza kama umewahi kuiona bahari."

"Mwambie... juzi."

Hapo hapo, uso umemgeuka rangi, akaeleza yote. Kankindi hakucheka.

"Mwanaume niliyekuwa naye aliniambia hajaoa. Mkewe ndiye aliyenipigia simu."

"Wangu ni uongo mdogo, Kankindi."

"Na wake ulianza hivyo hivyo."

Mashua ilipofunga gati, Kankindi akashuka bila kugeuka.

Walirudi Tanzania kila mtu na safari yake. Egidi alipiga simu, Kankindi akakata. Akapiga tena, akakata. Jioni moja, akisahihisha madaftari ya wanafunzi, akapokea.

"Usikate! Nakoroma!"

"Nini?"

"Nataka ujue yote. Nakoroma. Sijui kuogelea. Ile kofia ninayo bado, naivaa nikiwa peke yangu. Na nakupenda. Hilo nimeliweka mwisho, niliogopa utakata."

Kankindi akaweka kalamu chini. "Unakoroma sana?"

"Mbwa wa jirani amehama."

Alicheka hadi akafuta machozi. "Njoo Jumapili umsalimie mama."

Egidi alifika kwa pikipiki, suti ya kijivu imegeuka nyekundu kwa vumbi. Uwanja umejaa: majirani, kwaya, padri. Kankindi akamkimbilia mlangoni.

"Mama amewatangazia parokia nzima kwamba wewe ni nahodha. Nimejua leo. Nyamaza tu, mpenzi, nitamwambia kesho."

Egidi akamtazama kidogo, kisha akapita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, nahodha wangu!" Vigelegele vikapaa.

"Hapana, mama. Mimi nafuga nyuki Sikonge. Bahari imenitapisha. Nimekuja kumposa Kankindi hivi hivi nilivyo."

Vigelegele vikakatika. Mmoja wa kwaya akacheka puani. Mama akakaa kitini polepole, kitenge kipya kikimpwaya mabegani.

Uso wa Kankindi uliwaka. Aibu ilikuwa yake mwenyewe, ndiye aliyemwambia anyamaze. Akavuka uwanja, akamshika Egidi mkono mbele ya watu wote.

"Mama, mimi nimemkubali."

Mama aliwatazama, midomo ikimchezacheza. "Mwachie mkono basi. Padri anaangalia."

Kankindi hakumwachia.