Mama Pacha Hainui Mtu

Ghala la sabuni lilikuwa na rafu ndefu mno. Watu walisema popo waliozaliwa huko juu walizeeka bila kujua kwamba chini kuna binadamu. Nami siwabishii.

Humo walifanya kazi mke na mume. Mume alikuwa mpakiaji. Mke, Mama Pacha, aliendesha gari la kuinulia mizigo, lile lenye meno mawili ya chuma mbele. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Angeweza kuinua yai chini ya kuku, na kuku asijue.

Kila asubuhi waliwaacha pacha wao kwa bibi yao, wakaenda kazini wakibishana njia nzima.

Mteja akitaka katoni moja tu ya juu, walikuwa na njia yao ya mkato. Mume alisimama juu ya chaga, yaani lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo. Mke aliingiza meno ya gari chini yake, akamwinua.

“Mimi naendeshwa na mke wangu,” mume alijigamba. “Atamwangushaje baba wa watoto wake?”

“Usinijaribu,” mke alijibu. “Jana ulisema chakula hakina chumvi.”

Wapakiaji walicheka. Mama Pacha hakucheka. Kila alipomwinua, hakubandua macho kwenye chaga hadi mumewe aguse tena sakafu.

Siku moja alimwinua hadi rafu ya juu kabisa. Mume akanyoosha mikono kuvuta katoni. Ubao wa chaga ukalia, kisha ukakatika. Mguu wake ukazama hadi gotini. Katoni ikamponyoka, ikapasuka sakafuni. Mume akakumbatia nguzo ya rafu. Chaga likainama upande.

“Mama Pacha,” aliita kwa sauti ndogo. “Nishushe.”

Mkono wa mkewe ulikuwa kwenye gia. Akilishusha chaga, mume atabaki ananing’inia. Asipolishusha, ubao mwingine utakatika.

“Toa mkono hapo,” mtu alisema nyuma yake. Alikuwa fundi wa rafu, mwanamke aliyekuja kukaza boliti. “Vuta breki. Zima. Na wewe huko juu, usipepese hata kope.”

Kutoka nyuma ya mapipa, fundi alisukuma ngazi pana yenye magurudumu, yenye vishikio pande zote. Akafunga magurudumu, akaitikisa kuhakikisha haisogei, akapanda.

“Toa mguu polepole. Shika hapa. Usiangalie chini, niangalie mimi.”

Chaga likalia tena. Mama Pacha akafumba macho. Hakuomba kitu kikubwa. Aliomba tu asisikie kishindo.

Alisikia nyayo kwenye vyuma vya ngazi. Alipofumbua macho, mumewe alikuwa sakafuni, goti linachuruzika damu.

“Mke wangu anaendesha vizuri,” mume alimtetea, akibana goti kwa kiganja.

“Sijasema anaendesha vibaya, shemeji,” fundi alijibu. “Lakini ubao haujui nani anaendesha. Meno haya ni ya mizigo. Chaga halina ukingo wa kukuzuia, wala pa kufunga mkanda.”

“Na katoni ya juu je?” mume aliuliza.

“Kwa nini mtu aufuate mzigo? Shusheni chaga zima na mzigo wake. Toa katoni umesimama chini, kisha mzigo urudi. Vitu vinavyotakiwa kila siku vikae rafu za chini. Kama ni lazima kupanda, tumia ngazi hii, magurudumu yakiwa yamefungwa. Rafu haikwewi.”

“Kushusha chaga zima kunachelewesha,” mkuu wa ghala alinung’unika. Yeye ndiye aliyeificha ngazi nyuma ya mapipa.

“Kuzika kunachelewesha zaidi,” fundi alisema.

Wiki hiyo sabuni zinazouzika sana zilihamishiwa chini, na ngazi ikapata mahali pake peupe.

Goti lilipopona, siku ya pilikapilika, mume aliweka mguu juu ya chaga.

“Mara moja tu, mke wangu. Mteja anangoja.”

Mama Pacha alizima gari. Akashuka, akasimama mbele yake.

“Siku ile nilitafuta maneno ya kuwaambia pacha,” alisema. “Sikuyapata. Shuka.”

Mume alishuka. Mke akarudi kwenye gari, na mzigo nao ukashuka taratibu hadi sakafuni. Mume akatoa katoni, akaipeleka mlangoni. Mteja, aliyekuwa ndiyo kwanza ameketi kungoja, ikabidi ainuke.